Miili kazini, roho nje

Nina barua moja sijaijibu, na leo ni siku ya nne. Kampuni moja hapa mjini, jina lake naliacha, inanitaka niwe ofisa mawasiliano wao. Mshahara ni mara mbili na ushee ya huu ninaoupata gazetini. Kuna bima ya afya ya familia nzima na kuna posho ya mafuta, ingawa gari lenyewe sina. Rafiki zangu nilipowaambia walinitazama kama mtu aliyeokota pochi barabarani akabaki anauliza ya nani. "Unasubiri nini wewe? Saini!"

Ninachosubiri mwenyewe sikijui vizuri. Ila katika siku hizo nne mhariri wangu alinituma maktaba ya Chuo Kikuu kule Mlimani, nichimbue mambo ya kale kwa ajili ya makala. Nilikwenda kutafuta kitu kingine kabisa. Nikakutana na sentensi moja ya mwaka 1966 ambayo imeninyima usingizi kuliko ile barua.

Ngoja nianze mwanzo.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine vya mjini waliandamana hadi Ikulu. Wakati huo chuo kilikuwa bado kichanga. Kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Nchi nzima wasomi walikuwa wachache mno. Kijana aliyeingia pale alijua kuwa akitoka anasubiriwa na ofisi, nyumba ya serikali na mshahara wa kueleweka. Hakuna aliyekuwa anazunguka na bahasha ya vyeti kama sisi.

Kilichowatoa Mlimani ni Jeshi la Kujenga Taifa. JKT lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kuwa wasomi nao waende, tena kwa lazima. Wangekaa miezi michache kambini, kisha wafanye kazi zao za kawaida kwa kama mwaka mmoja na nusu huku wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Asilimia 60 ibaki kwa taifa.

Hebu jiweke kwenye viatu vyao. Umesoma kwa jasho la ukoo mzima. Baba ameuza ng'ombe, mjomba amechangia, wadogo zako wamekaa nyumbani ili wewe umalize. Wote wanahesabu siku. Halafu unaambiwa fungu kubwa la mshahara wako utalisikia kwenye bomba. Ungekaa kimya?

Hawakukaa kimya. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, nao wakamsomea tamko. Walilalamika kwamba wao wanabanwa huku wanasiasa wakila mishahara minono, na hapo hawakuwa wamekosea. Baadhi yao walibeba bango lililosema afadhali enzi za ukoloni. Na mwishoni mwa tamko ndipo ilipokuwa ile sentensi. Kwa maneno yangu mimi, walimwambia Rais kwamba masharti haya yasipobadilika, miili yao itakwenda JKT lakini roho zao zitabaki nje.

Niliisoma mara tatu pale maktaba. Miili itakwenda, roho zitabaki nje.

Sasa niambie, ndugu msomaji, kama hujawahi kuwa hivyo Jumatatu asubuhi. Unaamka saa kumi na moja, unagombania daladala au unakaa kwenye foleni ya Ubungo, unafika ofisini saa mbili, unafungua kompyuta. Mwili umefika, umeketi kitini, unajibu barua pepe na kucheka utani wa bosi. Roho iko wapi? Inasubiri Ijumaa, au tarehe 25 mshahara uingie. Mshahara ukiingia inasubiri nyongeza, na nyongeza ikija inasubiri gari, kisha kiwanja Kibaha, kisha kumwaga zege. Vijana wa 1966 walitoa maneno yale kama kitisho. Sisi tumeyafanya ratiba.

Turudi Ikulu. Mwalimu alikasirika vibaya sana. Kilichomuuma zaidi ni kusikia waliosomeshwa kwa fedha ya wakulima wakisifia ukoloni. Lakini hasira yake haikuishia kwa wanafunzi, iligeuka ikamrudia yeye mwenyewe. Akawakubalia kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, wa kwake ukiwemo. Alikuwa akipokea shilingi 5,000 kwa mwezi. Akawapigia hesabu palepale: mtu wa kawaida anayepata shilingi 200 kwa mwezi angehitaji miezi 25 kufikisha mshahara wa Rais wa mwezi mmoja, na miaka 25 kufikisha wa mwaka mmoja. Akatangaza kuwa anaukata mshahara wake kwa asilimia 20 kuanzia saa ileile. Mawaziri na vigogo wengine wakafuata, wapende wasipende.

Wanafunzi, zaidi ya 300, wakafukuzwa chuo na kurudishwa makwao. Wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Na miezi mitatu na ushee baada ya siku ile, tarehe 5 Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake mlikuwa na masharti ya uongozi ambayo wazee wetu waliyakariri kama sala: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Wengi hapa husimulia habari hii kama kisa cha siasa, ujamaa dhidi ya ubepari. Mimi kilichonivuta ni swali jingine. Mtu mwenye Ikulu, mwenye nchi nzima mkononi, alipata wapi wepesi wa kutupa sehemu ya tano ya mshahara wake kwa dakika moja, tena akiwa na hasira? Sisi wengine tukiambiwa posho ya chakula imepungua tunaugua wiki nzima.

Nadhani jibu liko nyuma. Mwalimu alikuwa na mazoea ya kuacha.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1955. Alikuwa na miaka 32, kijana kama wewe na mimi. Alikuwa na shahada ya M.A. ya Edinburgh aliyoipata mwaka 1952, jambo ambalo hapa Tanganyika lilikuwa adimu kama theluji ya Kariakoo. Alifundisha sekondari ya Mtakatifu Francis, Pugu, na wakati huohuo alikuwa rais wa TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Husimuliwa kwamba mara nyingi alitoka Pugu kuja mjini kwa miguu kwa ajili ya mikutano. Machi 1955 akasafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi akatakiwa kuchagua, siasa au chaki. Akaacha chaki, na mwenyewe aliipenda. Miaka mingi baadaye aliendelea kusema kwamba ualimu aliuchagua, siasa ilimtokea tu.

Alikuwa na mke na familia changa, na mwisho wa mwezi hapakuwa na mshahara tena. Wenyeji wa Kariakoo, akina Abdulwahid Sykes, walimkirimu. Akaenda kwao Musoma kwa miezi kadhaa, akawa anawafundisha Kizanaki mapadri wa Maryknoll na kuwafanyia tafsiri. Mama Maria akafungua duka dogo la mafuta ya taa. Msomi wa Edinburgh, nyumbani kwake watu wanapimiwa mafuta ya taa! Leo tungesema jamaa kafulia. Mtaani angechekwa.

Mara ya pili inashangaza zaidi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, yeye akiwa Waziri Mkuu. Tarehe 22 Januari 1962 akajiuzulu. Zilikuwa zimepita siku 44 tu! Alimwachia Rashidi Kawawa kiti, akaenda vijijini kukijenga upya chama na kuwaeleza watu kwamba uhuru haukuwa mwisho wa safari. Katika miezi hiyo ndipo alipoandika kijitabu chake cha Ujamaa. Desemba mwaka huohuo alirudi akiwa Rais, kwa hiyo wapo wanaosema ilikuwa hesabu ya kisiasa tu. Inawezekana. Lakini niambie ni wangapi unaowajua wanaoweza kukiachia kiti walichokipigania miaka saba kabla hakijapata joto.

Mara ya tatu ni mwaka 1985. Novemba ya mwaka huo alimkabidhi nchi Ali Hassan Mwinyi, akaenda kwao Butiama kulima. Alikuwa na miaka 63, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa. Uenyekiti wa CCM aliuachia mwaka 1990.

Kuna jambo moja dogo kwenye maisha yake ambalo huwa tunalipita haraka. Mwaka 1963, akiwa bado anaizoea Ikulu, ilichapishwa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969, katikati ya moto wa Azimio, ikatoka Mabepari wa Venisi. Mwaka 1996, tayari mstaafu, zikatoka tenzi zake za Injili. Na alipenda bao, akilicheza Butiama na wazee wa pale. Tafsiri ya Shakespeare haimpi Rais kura hata moja. Alizifanya kazi hizo kwa kuwa zilimpendeza. Mtu mwenye kitu kinachompendeza, kisichonunuliwa wala kupandishwa cheo, si rahisi kumfunga kwa mshahara. Ukimnyima kiti, kalamu na bao vinabaki.

Hapa wengi wangemalizia makala, wakaandika "tuige mfano wa Mwalimu", wakaenda zao. Mimi nashindwa, maana ukisoma historia kwa haki unafika mahali inapouma.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa sasa ni amri. Kati ya mwaka huo na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishwa. Wapo waliokwenda kwa hiari, wapo waliopakiwa kwenye malori na nyumba zao kuvunjwa ili wasirudi. Serikali za mitaa zilikuwa zimefutwa mwaka 1972, na vyama vya ushirika vikafutwa mwaka 1976. Mkulima aliyekuwa na migomba yake, mashamba yake na makaburi ya babu zake akajikuta amesimama kwenye mstari wa nyumba zilizopangwa na ofisa kwa kamba. Aliambiwa hapa ndipo utakapopata maisha bora.

Unaona kilichotokea? Ile sentensi ya vijana wa 1966 ikarudi kwa mlango wa nyuma. Miili ikahamia vijijini, roho zikabaki mahame. Na nchi ambayo miili yake iko shambani na roho ziko kwingine haivuni. Ukame, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta viliongeza mzigo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini wazazi wetu walipanga foleni ya sukari, sabuni na khanga. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa usiku wasikutwe nazo.

Mtu aliyejua raha ya kuchagua kidogo alisahau kwamba raha yenyewe ilikuwa katika kule kuchagua. Alikata mshahara wake kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna aliyemsikia akinung'unika. Alipowakatia wengine, roho zao zilibaki nje kama walivyomwonya. Sifa yake ni kwamba baadaye aliyakiri makosa hadharani, yakiwemo ya kufuta serikali za mitaa na ushirika. Viongozi wa namna hiyo si wengi.

Halafu tukaja sisi. Februari 1991, kule Zanzibar, CCM ililegeza yale masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. Mzee Mwinyi alikuwa amekwishapewa jina la Mzee Ruksa. Maduka yakajaa, foleni za sabuni zikaisha, na mtu yeyote anayetamani zile foleni zirudi hakuzipanga. Sisi ni watoto wa ruksa. Hakuna anayetukataza kuwa na kitu.

Ila ruksa nayo haikutuambia kiasi gani kinatosha. Azimio liliweka kikomo, tukakipinga kwa sababu kiliwekwa na mtu mwingine. Kikomo kilipoondolewa, hatukujiwekea cha kwetu. Tunapimana kwa simu, kwa gari, kwa ukumbi wa harusi na kadi ya mchango. Kila tukifika tunakuta kipimo kimesogezwa mbele. Nimewahi kuhoji watu wa ghorofa ya kumi na mbili na watu wa vibanda vya chipsi. Nilichokiona ni kwamba uchovu wa Jumatatu hauangalii ghorofa.

Sisemi umaskini ni raha. Anayesema hivyo hajawahi kukaa na mgonjwa hospitalini bila hela ya dawa. Mwalimu mwenyewe aliutaja umaskini kuwa adui pamoja na ujinga na maradhi, hakuwahi kuusifia. Hela inaondoa maumivu mengi sana. Kazi ya kukuambia kwa nini uliamka asubuhi hiyo si ya hela, na ukiilazimisha ikufanyie utaitafuta mpaka uzee bila kujua umekosa nini.

Juzi usiku nilimpigia mama, yuko Morogoro. Nikamweleza habari ya ile barua. Akaniuliza, "Hiyo kazi ya sasa unaipenda, mwanangu?"

"Naipenda, mama."

"Na ada ya mdogo wako?"

Nikanyamaza. Akacheka, kicheko chake kile cha kukusogezea kiti. "Sijakwambia uende, wala sijakwambia ukae. Nimekuuliza tu. Ukienda, nenda wewe mzima. Ukibaki, baki mzima. Usije ukabaki huko halafu kila siku unanipigia kunung'unika."

Mama hajasoma habari za Oktoba 1966, lakini alilotaka kuniambia ni lilelile. Wale vijana walikuwa na ndugu wa kuwasomesha, na mimi ninao. Siwezi kuwahukumu nikiwa nimeegemea meza ya maktaba yenye feni. Na siwezi kujifanya Mwalimu mwaka 1955, maana Mama Maria wangu wa kuuza mafuta ya taa hayupo bado.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Kesho nitawajibu, lakini kabla ya kuzungumza mshahara nitawaomba waniambie kazi yenyewe ni nini kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Nitaandika nini, kwa ajili ya nani, na kuna siku nitatakiwa kuandika nisichokiamini? Nikiona roho yangu inaweza kuingia pale getini pamoja na mwili, nitakwenda na ada ya mdogo wangu italipwa kwa furaha. Nikiona itabaki nje na mlinzi, nitabaki gazetini na mshahara wangu huu mdogo, nitafute ada kwa makala za ziada za usiku, na nimekula kiapo kwamba mama hatasikia nikilalamika.

Na vyovyote itakavyokuwa, nimejiandikia kwenye daftari kiasi changu cha kutosha. Ni tarakimu moja tu, yenye chakula, kodi ya nyumba, ada ya mdogo wangu, na vitabu viwili kwa mwezi. Sikuandikiwa na chama wala jirani. Nilishangaa kuona ilivyo ndogo kuliko hofu yangu.

Wewe ya kwako umeshaiandika? Na asubuhi ya leo, ulipofika kazini, mlifika wangapi?